Chokaa ya Nakilimba

Babu Fakihi huamka amechoka. Simsengenyi, ndivyo anavyosema mwenyewe. Ukimwamkia asubuhi na kumuuliza ameamkaje, anajibu, "Marahaba. Nimeamka nimechoka, lakini nimeamka." Kisha anakaa kwenye kitanda cha kamba pale barazani, anajipaka mafuta ya nazi magotini na kusubiri magoti yakubali. Siku nyingine yanakubali upesi. Siku nyingine Bibi Naima, mdogo wake, ambaye ndiye bibi yangu mimi, anamaliza kufagia uwanja wote na kaka yake bado yuko palepale, anasemezana na magoti.

Ana miaka hamsini na tisa na kazi yake ni kubeba mawe. Ni kweli kabisa, mawe.

Kuna kampuni inatafuta makaa ya mawe huko porini, magharibi ya wilaya yetu ya Kilwa. Wanachoronga shimo jembamba linalokwenda chini mita mia mbili na zaidi, na mtambo unautoa mwamba ukiwa mzimamzima, mviringo, mnene kama mchi wa kutwangia. Hiyo michi ya mwamba wanaiita sampuli. Hupangwa kwenye masanduku ya mbao, kila sanduku lina safu tano na kila safu ni mita moja, halafu yote huletwa hapa Miteja, kwenye ghala ambalo zamani lilikuwa la ufuta. Sanduku moja lina kilo arobaini hivi. Babu analishusha kwenye gari, analiweka kwenye rafu, akiambiwa analitoa kwenye rafu, analipeleka mezani, akiambiwa analirudisha. Ndiyo kazi, mwaka wa pili sasa.

Mimi nilikuwa sijui kama chini ya ardhi mtu anaweza kupasoma. Likizo ya Juni nilikwenda ghalani na kumkuta Dada Joyce, mjiolojia, amedondosha tindikali kidogo juu ya kipande cha jiwe la kijivu. Jiwe likatoa povu, tsss, kama soda.

"Hii ni chokaa," akasema. "Jiwe la chokaa. Sogea uone."

Akanipa lenzi. Ndani ya jiwe kulikuwa na konokono, wadogo kuliko punje ya uwele, mamia kwa mamia. Akasema hapo zamani, zamani ambayo hata ukiihesabu inakataa kuingia akilini, palikuwa na kinamasi. Miti ikaanguka ndani yake, ikafukiwa, ikawa makaa. Halafu maji yakaongezeka, pakawa ziwa, wakaishi konokono, wakafa, wakawa chokaa. Kwa hiyo chokaa imekaa juu ya makaa kama kifuniko juu ya sufuria. Ukichoronga ukaiona chokaa, ujue makaa yapo chini yake, karibu sana.

Dada Joyce hajafika hata miaka thelathini, amesomea Dar es Salaam, na watu wa Miteja wote wanamwita Injinia ingawa amekataa mara nyingi. Anamwamkia Babu shikamoo kila asubuhi kabla ya jambo lolote, na Babu anampenda kwa hilo. Lile tabaka la chokaa ameshalipa jina. Ameliita Chokaa ya Lihonga, kwa sababu shimo la kwanza lilichorongwa kando ya kijito cha Lihonga. Tabaka la mwamba halipewi jina la mtu, alinieleza, hata awe mkurugenzi. Linapewa jina la mahali, mto au kilima au kijiji, ili atakayekuja miaka mia baadaye ajue aende wapi kulitafuta.

Mashimo sita yalionyesha hivyo hivyo: chokaa juu, makaa chini. Shimo la saba ndilo lililoleta mambo.

Katika shimo la saba, mita mia na kumi na nane kwenda chini, chokaa ilikuwa chini ya makaa. Dada Joyce alikaa na lile sanduku siku mbili. Akapima, akapiga picha, akadondosha tindikali mpaka chupa ikaisha. Mwishowe akaamua kwamba hili ni tabaka jingine, la zamani zaidi, ambalo hakuna aliyelijua, na kwa hiyo linahitaji jina lake. Akafungua ramani mezani. Mahali pa shimo la saba ramani ilikuwa nyeupe, haina mto wala kilima.

"Mzee Fakihi," akamwita, "wewe ni mwenyeji. Pale kwenye shimo la saba panaitwaje?"

Babu alikuwa amebeba sanduku. Anthony, kijana wa ghalani ambaye huenda porini kupanga sampuli kwenye masanduku, ndiye aliyenisimulia sehemu hii. Anasema Babu aliliweka sanduku chini taratibu, akajishika kiuno, akaisogelea ile ramani.

"Mbona hamkuandika kitu?"

"Ndiyo nauliza."

"Pale ni kwetu," Babu akasema. "Nakilimba."

Kumbe alizaliwa pale! Mimi nimekua nikijua babu zangu ni watu wa Miteja. Nakilimba palikuwa na nyumba kumi na nane, msikiti wa udongo, na chuo cha Kurani chini ya paa la makuti ambako baba yake alisomesha. Babu alisoma hapo tangu ana miaka mitano. Mwaka sabini na nne, alipokuwa na miaka tisa, wakaambiwa wahamie vijiji vya pamoja kando ya barabara. Wakatembea siku mbili, kuku mikononi, Bibi Naima mgongoni kwa mama yake. Wengine wakabaki Miteja, wengine wakaenda hadi Mchinga kwa ndugu. Nyumba walizoziacha zilimalizwa na mvua. Babu hakuingia tena darasani, alishika jembe. Herufi za kizungu alijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, na mpaka leo anazisoma polepole akizifuata kwa kidole. Kurani anaisoma kama maji.

"Basi itakuwa Chokaa ya Nakilimba," Dada Joyce akasema. "Nitaandika mahali palipo, nitachukua ushahidi wenu ninyi mliozaliwa pale, na litaingia kwenye ripoti. Kutoka hapo litaingia kwenye ramani. Ripoti inaondoka Alhamisi ya wiki ijayo."

Babu aliporudi nyumbani siku ile alitembea kama mtu ambaye magoti hayajawahi kumuuma. Bibi Naima alipoambiwa alikaa chini na kusema, "Naki-lim-ba," polepole, kama anayeonja chumvi. Akasema mara ya mwisho kulisikia jina hilo kwa mtu asiye wa ukoo ilikuwa kabla hajatoboa masikio. Babu akampigia simu binamu yake mkubwa, Majid, aliyeko Mchinga, akaweka spika.

"Kaka Majid, shikamoo. Tumepewa mwamba."

"Marahaba. Tumepewa nini?"

"Mwamba! Jiwe la chini huko, refu, linakwenda maili nyingi. Linaitwa Nakilimba."

"Fakihi, umekula kweli leo?"

Alipoeleweshwa, Majid alicheka mpaka akakohoa. "Miaka hamsini watoto wangu wananiona mwongo," akasema. "Nawaambia tulikuwa na mji, wananiuliza uko wapi mbona kwenye simu haumo. Sasa waitazame hiyo ramani! Nikifa, andikeni kwenye kibao cha kaburi: mtu wa Nakilimba."

Ilikuwa Jumatano. Jumamosi Dada Joyce alikuwa akimwelekeza Anthony namna ya kupiga picha za sampuli za ripoti, na Babu yuko pembeni, ameegemea rafu, anasubiri kuambiwa beba. Dada Joyce akaweka kidole mwanzo wa safu, upande wa kushoto, akakisogeza kwenda kulia. "Juu ni hapa," akasema, "tunashuka hivi, tunashuka, tunakutana na makaa hapa, halafu chini yake chokaa hii hapa. Kamera ifuate hivyohivyo."

Babu alikitazama kile kidole.

Shimo la saba Anthony hakulipanga lote. Siku tatu alikuwa na malaria, amelazwa Kilwa Masoko hospitalini. Mtambo hausubiri mgonjwa, kwa hiyo msimamizi wa pale porini akamwambia Babu, aliyekuwa amekwenda na gari kufuata masanduku, apange yeye. Hakuna aliyemwelekeza, na hakuna aliyedhani kuna la kuelekeza. Mtu ameona masanduku mwaka mzima! Vile vibao vidogo vya kuandika kina vilikuwa vimekwisha, vikasubiriwa. Babu akapokea vipande vya mwamba vikiwa bado na joto la mtambo, akavipanga kimoja baada ya kingine. Cha kwanza upande wa kulia. Kinachofuata kushoto kwake. Akaenda hivyo mpaka safu ikajaa, akaanza safu ya pili, kulia tena. Ndivyo mkono wake unavyokwenda. Kula, kuvaa kiatu, kuingia msikitini, kugawa kahawa, kila kitu huanzia kulia, na mstari wa chuoni kwa baba yake ulianzia kulia. Mwaka mzima alikuwa amebeba masanduku yaliyojaa, lakini hakuwahi kumtazama Anthony akiyajaza. Anthony aliporudi na vibao vipya akaandika vina vyote kushoto kwenda kulia, kama kawaida yake, akafunga vifuniko.

Babu alijua palepale, akiwa ameegemea rafu. Akaambiwa beba, akabeba.

Sisi nyumbani tuliona tu kwamba ameacha kula vizuri. Jumapili alilala mchana kutwa. Jumatatu Bibi alimpikia kisamvu cha nazi, na hicho huwa hakikatai, akala matonge matatu akanawa.

"Una nini wewe?" Bibi akamuuliza. "Homa?"

"Nimechoka."

"Umechoka tangu kijana. Hii ni nyingine."

Hapo ndipo akasema yote. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu nao, na ilibidi aeleze mara mbili. Akachukua vipande vitatu vya muhogo, akavipanga juu ya sinia kulia kwenda kushoto, kisha akatuambia tuvisome kama vile wazungu wanavyosoma. Kilichokuwa juu kikawa chini. Basi! Hakuna tabaka jipya. Ni ileile Chokaa ya Lihonga, imelala juu ya makaa kama mashimo mengine yote, isipokuwa yeye ameipanga kinyume.

Bibi Naima alivitazama vile vipande vya muhogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwani nani atajua?"

"Hakuna."

"Limo huko chini, hakuna anayekwenda. Jiwe lina madhara gani? Waache waandike."

"Naima."

"Nasema tu. Ningependa kuliona limeandikwa kabla sijafa. Ni dhambi hiyo?"

"Si dhambi," Babu akasema. "Lakini yule binti ndiye atakayetia sahihi. Kuna siku watachoronga wakitafuta chokaa chini ya makaa, hawataipata, watamuuliza yeye. Hawataniuliza mimi."

 Bibi alivirudisha vile vipande vya muhogo kwenye bakuli kimoja kimoja na kuondoka na sinia.

Bado Jumanne hakusema. Alikwenda kazini akarudi. Mimi nilitamani kumuuliza kwa nini, lakini ukimtazama uso ulikuwa ukiona swali lenyewe ni mzigo. Jumatano asubuhi alikaa barazani na mafuta yake muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaniambia, "Twende. Wewe unajua kueleza kwa maneno ya shule, nikikwama utanisaidia." Lakini hakukwama, wala sikufungua mdomo.

Dada Joyce alikuwa anabandika picha kwenye ripoti. Akasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Anthony, niletee sanduku la ishirini na nne la shimo la saba." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwagiza mtu mwingine abebe.

"Ooh, leo Mzee Fakihi ni bosi," Anthony akasema, akalileta akihema.

Babu hakueleza kitu kwanza. Alishika kipande cha mwisho cha safu ya kwanza, upande wa kulia, na kipande cha kwanza cha safu ya pili, upande wa kushoto. Kama vingekuwa vimepangwa sawasawa, hapo ndipo mwamba ulipovunjikia, na meno ya vile vipande yangekutana. Akavigusanisha. Havikukutana hata kidogo, huku kuna bonde na huku kuna bonde. Akavirudisha. Akachukua cha kushoto kabisa cha safu ya kwanza, na cha kulia kabisa cha safu ya pili. Akaviweka pamoja, akazungusha kidogo.

Vikashikana, tk. Usingeweza kupitisha hata ukucha.

Dada Joyce alivichukua mikononi, akavitenganisha, akavikutanisha tena. Akafanya hivyo kwa safu ya pili na ya tatu. Ya tatu na ya nne. Zote zilikutana.

"Nani alipanga?"

"Mimi. Anthony alikuwa anaumwa. Kuanzia la kumi na tisa hadi la ishirini na tisa. Nilianza kulia."

"Umejua lini?"

"Jumamosi."

Hapo nilidhani atafoka. Alivua miwani akajisugua macho. "Jumamosi," akarudia. "Mzee, rasimu nimeshaipeleka kwa wakubwa. Wameshanipongeza."

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nataka liwe kweli."

Anthony alikuwa amebaki mdomo wazi. "Babu, si ungenyamaza tu!" akasema. "Mimi mwenyewe nimeandika vile vina na sikuona. Kesho jina lingeshaondoka."

"Anthony, nyamaza," Dada Joyce akasema, lakini bila ukali. Akamtazama Babu. "Hata mimi ningeweza kujaribu kuzikutanisha. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Niliona kitu kipya nikakifurahia."

Babu akauliza swali moja tu. Kama tabaka ni moja, na linapita chini ya Lihonga na chini ya Nakilimba vilevile, haliwezi kuitwa Nakilimba?

"Haliwezi, mzee. Jina la kwanza ndilo linalobaki. Ingekuwa tumeanza kuchoronga kwenu, lingekuwa la kwenu."

"Na ile ramani?"

"Ile haichorwi na mimi. Mimi naandika majina ya matabaka tu." Akasita. "Naweza kuandika katika maelezo ya shimo: karibu na mahali palipoitwa Nakilimba. Ni maelezo ya ndani. Hayasomwi na watu wengi."

"Watu wangapi?"

Dada Joyce alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Watatu," akasema. "Labda wanne."

"Andika," Babu akasema.

Akatoka nje akakaa juu ya tofali kwenye kivuli cha ukuta, akampigia Majid. Safari hii hakuweka spika, lakini Majid huongea kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, nilisikia yote.

"Kaka, lile jiwe halipo."

"Limekwenda wapi?"

"Halikuwapo. Nililipanga vibaya mimi."

Akaeleza.

"Kwa hiyo tumehamishwa tena," Majid akasema.

"Ndiyo."

"Na safari hii na wewe mwenyewe."

"Na mimi mwenyewe, kaka. Ndiyo nakupigia."

Majid akahema. "Nilishamwambia imamu, Fakihi. Nilishawaambia watu wote wa sokoni." Kisha akauliza: "Magoti yako je?"

"Hayo yapo."

"Haya. Yapumzishe." Simu ikakatika.

Hakuyapumzisha. Masanduku kumi na moja, safu hamsini na tano, zote zilitakiwa zigeuzwe kabla ya Alhamisi jioni ili picha zipigwe upya. Dada Joyce alisema Anthony atafanya. Babu akasema hapana, aliyekosea anajua pa kuanzia. Wakakubaliana wafanye wote wawili, Babu anatoa kipande, Anthony anakipokea na kukiweka kwenye sanduku tupu, kuanzia kushoto. Kipande kimoja, kingine, kingine. Kila safu ikijaa wanagusanisha meno na safu iliyopita kuhakikisha. Anthony alijaribu kutania mara mbili tatu, "Babu, kushoto ni mkono gani vile?" na Babu akamwambia ni ule ambao atapigwa nao kofi.

Walipofika lile sanduku la ishirini na nne, Babu alikishika kipande cha chokaa muda kidogo. Kina urefu wa kiganja na nusu, cha kijivu, na palipolowa unawaona wale konokono. Akampa Anthony. Anthony akakiweka mahali pake, kabla ya makaa. Dada Joyce akaja na kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye ubao wa pembeni wa sanduku: Chokaa ya Lihonga.

Hadi adhuhuri walikuwa wamegeuza safu thelathini. Babu alikwenda kutawadha, akarudi, akavuta sanduku jingine.